Sanamu, Kaburi na Maji: Kiwanja cha Mashujaa wa Songea

Mji wa Songea umekaa katika nchi ya juu ya kusini mwa Tanzania, karibu na milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma huanza. Maji yatokayo milimani huko huteremka polepole kati ya miti ya miombo, hata yakawa mto mkubwa ulio mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na mwisho huingia katika Bahari ya Hindi. Lakini mgeni afikaye Songea hakai siku nyingi kabla ya kusikia neno maji likitajwa kwa maana nyingine. Uwanja wa mpira waitwa Majimaji. Timu ya mji yaitwa Majimaji. Na katika mtaa wa Mahenge, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, pana kiwanja cha makumbusho chenye jina hilohilo. Yafaa msomaji asichanganye Mahenge hii na Mahenge ya Ulanga, ambayo boma lake lilishambuliwa tarehe 30 Agosti 1905. Mahenge ya Songea ni mtaa tu, lakini ni mtaa wenye makaburi.

Kiwanja chenyewe si kikubwa. Zimo sanamu 12 za wakubwa wa Kingoni waliokamatwa na Wajerumani wakanyongwa. Limo kaburi moja walimozikwa watu wengi pamoja. Limo kaburi la peke yake la Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake. Na imo nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1980 na Rais Julius Nyerere, na ambayo siku hizi iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu hukusanyika hapo kuwakumbuka waliokufa: wazee wa koo za Kingoni, wakuu wa serikali, askari, wanafunzi na wapita njia.

Mtu aweza kukizunguka kiwanja hicho kwa nusu saa, akatazama, akaenda zake akidhani ameyajua yote. Lakini sanamu na makaburi hayo hayasemi neno moja. Sanamu zasema habari za watawala. Kaburi la pamoja lasema habari za watu. Na kaburi la Songea Mbano lasema habari ya jambo ambalo hata leo halijakwisha. Tena kuna waliokufa wengi zaidi kuliko wote hao, nao hawana sanamu wala kaburi mahali popote. Hapana budi, basi, kuuliza kiwanja hiki chamkumbuka nani, na nani amebaki nje ya ua wake.

Wangoni hawakuwa wenyeji wa asili wa nchi hii. Wakuu wao walitoka kusini ya Afrika wakati wa misukosuko iliyofuata kukua kwa dola ya Wazulu. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likapanda kaskazini hata Ufipa, na huko Zwangendaba akafariki katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika. Baadhi yao walizunguka wakaja mashariki ya Ziwa Nyasa, wakapigana na Wangoni wa Maseko waliowatangulia, na mwisho zikasimama falme mbili, Njelu na Mshope. Mfalme aliitwa nkosi, na chini yake walikuwako manduna, yaani wakuu wa vita na wa nchi. Lakini waliotoka kusini walikuwa wachache. Wengi katika raia walikuwa watu wa nchi waliotekwa, kama Wandendeule, wakafundishwa mkuki na ngao, wakaitwa sutu. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa maana waliouawa katika Ungoni hawakuwa wote watu wa damu ya kifalme.

Mwaka 1897 Wajerumani walifika na kujenga boma. Walilijenga karibu na makao ya nduna mmoja wa Njelu, Songea Mbano, na kituo chao kikaitwa kwa jina lake. Tangu hapo mambo yalibadilika upesi. Vita vya kuteka vilikatazwa, na pamoja navyo ikakatika njia ambayo manduna walipata watu, ng'ombe na heshima. Kodi ya nyumba ililetwa, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi ya mikono yake. Mwaka 1898 wamisionari Wabenediktini walianza kituo chao huko Peramiho, na wanahistoria wameandika kwamba nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, nyumba ya mizimu ya wazee wake, ilichomwa moto na padri. Kwa hiyo mwaka 1905 wakubwa wa Kingoni walikuwa na sababu zao za uchungu, wala hazikuwa zile zile za mkulima wa Umatumbi.

Maana vita vilianza mbali na Songea. Vilianza mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kwa watu waliochoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Kabla ya hapo, huko Ngarambe, alitokea mtu jina lake Kinjikitile Ngwale, ambaye watu waliamini kuwa amepagawa na mzimu uitwao Hongo. Yasimuliwa kwamba alizama katika kidimbwi, akakaa humo, kisha akatoka akiwa mkavu. Akawapa watu dawa, nayo ilikuwa maji, wakiamini kwamba mwenye kuipata hatadhurika na risasi. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini kumnyonga mtu hakukuzuia dawa kwenda. Ilikuwa imekwisha kutapakaa.

Nguvu ya dawa ile haikuwa katika vita peke yake. Dawa za vita za zamani zilikuwa siri ya ukoo fulani au ya kabila fulani, na adui aliyepewa dawa yako hakuwa adui tena bali mwizi. Maji ya Ngarambe yalitolewa kwa yeyote. Mmatumbi aliyapokea, na Mngindo, na Mpogoro, na Mbena, na mwisho Mngoni, ambaye baba zake waliwateka baadhi ya hao. Wajumbe waliyachukua toka nchi hadi nchi, na kila mtu aliyanywa au kunyunyiziwa kwa namna moja. Hapa ndipo Nyerere alipopata hoja yake aliposema mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kwamba watu wa Tanganyika walipigana kwa kuwa hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala. Lakini pia maji hayo yalikuwa uongo mbele ya bombomu, na kila atakaye kusema ukweli wa vita vile lazima ayashike yote mawili, umoja na msiba.

Katika Ungoni maji yaliletwa na mjumbe aitwaye Omari Kinjala, naye alifika kwanza kwa Chabruma, nkosi wa Mshope. Toka Mshope yalifika Njelu kwa Mputa bin Gama. Mwezi wa Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake walikuwa wamekwisha kuuawa njiani karibu na Liwale, na mwezi wa Septemba Peramiho ilichomwa moto. Lakini boma la Songea halikuanguka. Tarehe 21 Oktoba kikosi cha Nigmann kilishambulia kambi ya Wangoni alfajiri, kabla watu hawajajiweka tayari, na bombomu ikafanya ambayo maji yalisemwa kwamba hayatawezekana. Baada ya siku ile vita vya Ungoni havikuwa tena vita vya majeshi mawili. Vilikuwa msako. Chabruma alivuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, asirudi tena. Mputa na wengi wa manduna walikamatwa mmoja mmoja, wakaletwa bomani.

Tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa. Hesabu inayotajwa katika kumbukumbu za Songea ni watu 67. Mapadri waliingia gerezani kabla ya hukumu kutimizwa, na baadhi ya waliohukumiwa walibatizwa. Wengine walikwenda na imani ya wazee wao. Maiti zilitiwa katika shimo moja. Habari za Songea Mbano zasimuliwa peke yake. Masimulizi yasema kwamba Wajerumani walitaka kumhifadhi hai, naye akakataa kubaki baada ya wenzake. Siku chache baadaye naye akanyongwa. Ikawa kwamba mtu ameuawa na boma lenye jina lake mwenyewe, na boma hilo, na wilaya, na mji uliokua baadaye, vyote vimeendelea kuitwa kwa jina hilo. Waliomnyonga hawakuona haja ya kulibadili, na waliokuja baada yao, Waingereza kisha Watanganyika wenyewe, hawakulibadili pia. Lakini jina lile lile ambalo zamani lilikuwa alama ya kituo cha serikali ngeni sasa ni alama ya mtu.

Hizo ndizo habari zinazosemwa na kiwanja. Sasa yafaa kuziangalia sanamu zenyewe, kwa kuwa sanamu si pambo tu. Ni hukumu ya watu juu ya nani ainuliwe machoni pa wengine. Tanzania imejua hukumu za namna hiyo zikitolewa na kubatilishwa. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao: mzungu juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hata wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha mwaka 1967, na tena mwaka 1968. Huko Dar es Salaam Waingereza waliweka mwaka 1927 sanamu ya askari Mwafrika peke yake, mwenye bunduki na singe, kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Hiyo ingali imesimama. Askari yule hana jina. Ni mfano wa wengi, lakini ni wengi waliopigana vita vya watu wengine.

Sanamu za Songea ni jibu kwa zote mbili. Hapa aliyeinuliwa ni Mwafrika, tena si mfano wa wengi bali mtu fulani, mwenye ukoo na kizazi kilicho hai. Watu wa Gama na wa Mbano wangali wapo, na wafikapo kiwanjani hawatazami historia ya taifa tu, wanamtazama babu. Kwa hiyo si haki kusema kwamba sanamu za wakubwa zimepotosha vita. Katika Ungoni wakubwa ndio walioipokea dawa, ndio walioita majeshi, na ndio waliotiwa kitanzi. Katika Umatumbi mambo yalikuwa mengine, kwani huko hapakuwa na wafalme. Vita vilitoka kwa wakulima. Mtu atakayejenga kumbukumbu Nandete kwa mfano wa Songea atakosea, na kadhalika atakayejenga Songea kwa mfano wa Nandete.

Hata hivyo sanamu zina udhaifu wake. Mtu akiona 12 ataondoka na 12. Macho hupenda kilichoinuliwa, na kaburi la pamoja liko chini. Ndani yake walilala kwa cheo kimoja nkosi na nduna na mtu ambaye jina lake wachache walijua. Walionyonga walitaka iwe aibu: kumzika mfalme na raia katika shimo moja, pasipo mazishi ya Kingoni. Lakini tendo hilo lilifanya jambo ambalo hawakulikusudia. Maji yalitolewa kwa yeyote bila kuuliza kabila wala cheo, na udongo wa Mahenge ukawapokea vivyo hivyo. Kwa hiyo kaburi lile liko karibu zaidi na maana ya vita kuliko sanamu yoyote, na anayekitembelea kiwanja afadhali aanze kwenye kaburi, kisha ndipo ainue macho.

Bado wako wasiokuwamo kiwanjani kabisa. Vita havikuishia kwenye kitanzi. Ili kuwavunja watu waliokuwa wamejificha porini, vikosi vya Wajerumani vilichoma vijiji, vikaharibu mazao mashambani, vikatwaa nafaka iliyokuwa ghalani. Njaa ikawa silaha. Mwaka 1906 na 1907 watu wa kusini walikufa njaa kwa wingi kuliko waliokufa kwa risasi: wazee, wanawake, watoto, na waliokuwa hawajapata kunywa maji ya dawa wala kushika mkuki. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa walikufa kati ya 250,000 na 300,000. Nchi nyingine zilibaki tupu, pori likarudi na mbung'o pamoja nalo, na sehemu ya nchi hiyo ikawa baadaye Pori la Akiba la Selous. Msafiri wa leo aendaye huko kutazama tembo hupita juu ya mashamba ya zamani, wala hapana jiwe la kumwambia.

Kumbukumbu ya hao ilihifadhiwa kwa njia nyingine, nayo ni maneno. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya vita hivi, na utenzi huo ulipigwa chapa mwaka 1957. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini, wakakaa na wazee waliokuwa hai wakati wa vita, wakayaandika masimulizi yao. Mwaka 1969 ukatoka mchezo wa Ebrahim Hussein uitwao Kinjeketile. Kazi ya wanafunzi wale ilikuja kwa wakati wake, kwa kuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka 73 mwaka 1968. Kama wangalichelewa miaka 20, wangalikuta makaburi tu. Katika masimulizi hayo njaa haikusahauliwa. Mzee aliyehojiwa aweza kusahau jina la kapteni wa Kijerumani, lakini mizizi aliyoila na ndugu aliyemzika njiani hamsahau. Sanamu haiwezi kufanya kazi hiyo, lakini pia kitabu hakiwezi kukusanya watu kiwanjani tarehe 27 Februari. Kila kimoja chamhitaji mwenzake.

Limebaki kaburi la peke yake. Watu wa Songea wanashikilia kwamba kichwa cha Songea Mbano kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na kwamba kaburi lake halimo yeye mzima. Jambo la namna hii si geni katika nchi hii. Mkwawa wa Wahehe alipokufa mwaka 1898 kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaamuru kirudishwe, lakini kilirudi Kalenga mwaka 1954 tu, kwa mkono wa Gavana Edward Twining. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900, na kichwa chake kingali kinatafutwa. Katika mabaki ya watu yaliyowekwa Berlin yamo mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotolewa Afrika ya Mashariki, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 uliwapatia baadhi yake jamaa walio hai nchini Tanzania. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaingia katika kiwanja cha Mahenge, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na kuahidi kwamba kichwa kitatafutwa.

Ombi lile lilikuwa na uzito, kwa kuwa lilisemwa mahali penyewe na si katika ukumbi wa mbali. Lakini kwa mila za watu wa Ungoni, kama kwa mila za makabila mengi ya nchi hii, msamaha na maziko si jambo moja. Marehemu hutulia akizikwa mzima kati ya watu wake. Asipozikwa hivyo, mazishi yake hayajaisha, hata kama imepita miaka mia na zaidi. Kwa hiyo kaburi la Songea Mbano si kumbukumbu ya mambo yaliyopita, kama sanamu zilivyo. Ni dai. Jamaa wanaolisimamia wanaleta kiwanjani swali ambalo taifa lote laweza kulisikia: je, mtu aliyeupa mji jina lake atakaa bila kichwa chake mpaka lini?

Miji mingi duniani imejifunza kuyarudisha maeneo yaliyoachwa, kupanda miti, kuweka sanamu na vibao, na kuwakaribisha watu wapumzike kando ya historia yao. Songea haikuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta mahali pa namna hiyo, maana mahali palichaguliwa na waliouawa. Lakini kiwanja cha Mahenge hakijakamilika, wala si kwa kukosa saruji. Kwanza, kaburi la pamoja lahitaji majina yote yatakayoweza kupatikana, ya sutu kama ya wakubwa, yaandikwe mahali pa kusomwa na mtoto wa shule. Pili, waliokufa njaa wahitaji angalau jiwe moja, hata kama hapana awezaye kusema walilala wapi. Tatu, Songea Mbano ahitaji kurudi. La kwanza na la pili ziko katika uwezo wa Watanzania wenyewe. La tatu lategemea ahadi iliyotolewa mbele ya kaburi mwaka 2023, na watu wa Songea wangali wanaisubiri.